Mama anasema nilikuwa natambaa siku aliyokufa Sokoine, cheti kinasema nimezaliwa 1986. Mkweli nani?

#1 MwanaBani
Wakuu, salamu. Kazini tumeambiwa tuhakiki tarehe za kuzaliwa. Cheti changu kinasema 14 Machi 1986. NIDA wameichukua hivyo hivyo, leseni hivyo hivyo, sijawahi kuitilia shaka.

Juzi nikampigia bi mkubwa, yuko kijijini huko Tabora, nikamuuliza kwa utani tu: hivi mama, nilizaliwa mchana au usiku? Akasema usiku, msimu wa kukausha tumbaku, alikuwa ametoka banini uchungu ukamkamata. Sawa, Machi tumbaku iko banini kweli. Halafu akaongeza kama anaongelea bei ya mchele: "Na siku Sokoine anakufa ulikuwa unatambaa. Ulimwaga uji wa baba yako, na wala hakukugusa, ameikodolea macho redio."

Waziri Mkuu Sokoine amekufa 1984. Kwa mujibu wa serikali mimi nilikuwa sijazaliwa.

Nilipomwambia akacheka. Hayo ya makaratasi aliandika mjomba wako, mimi namjua niliyemzaa. Salio likakata.

Ni kweli cheti alikifuatilia mjomba mwaka 2006 kwa hati ya kiapo, nikiwa nahangaikia mkopo wa chuo. Mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Kadi ya kliniki hakuna. Mtu anaujuaje mwaka wake?

#2 Kigoda
Nimekaa pembeni hapa, wajuvi waje.

#3 Tairi Jipya
Sema ukweli mkuu, umekaribia kustaafu unatafuta pa kuchomokea.

#4 MwanaBani
Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Kwa cheti nafikisha 60 mwaka 2046, kwa hesabu za mama 2043. Mimi ndiye nitakayekatwa miaka.

#5 Mzee wa Koroboi
Tuanze na lenye uhakika. Sokoine alifariki Alhamisi, 12 Aprili 1984, kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro, akitoka bungeni Dodoma kuelekea Dar. Mwalimu Nyerere alitangaza mwenyewe redioni. Waliokuwa wanaelewa mambo siku ile wanakumbuka hadi mahali walipokuwa wamesimama. Mimi nilikuwa nashona kiatu.

Sasa hesabu. Kama ulizaliwa msimu wa bani wa 1984, siku ile ulikuwa na mwezi mmoja, hata shingo haijakaza. Kama ni msimu wa 1983, ulikuwa na miezi kumi na tatu, ulitakiwa uwe unatembea. Msimu wa mama na msiba wa mama havikai chungu kimoja.

#6 Sindano Taratibu
Mzee wa Koroboi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya watoto. Miezi kumi na tatu bado anatambaa? Wapo wengi tu. Kutembea huanzia mwaka hadi mwaka na nusu na hatushtuki. Wangu wa pili hata hakutambaa, alisota kwa makalio mpaka siku alipoamka akasimama. Tena mama akisema "unatambaa" kwa mambo ya miaka arobaini iliyopita, anamaanisha tu ulikuwa chini, hujawa mtu wa kutumwa dukani.

#7 Mzee wa Koroboi
Marahaba binti. Basi 1983 inabaki mezani.

#8 Kasinde
Mnamhangaisha bure. Bi mkubwa amechanganya misiba. Redio kupiga nyimbo za huzuni haikuwa Sokoine tu. Oktoba 1986 ameanguka Samora Machel, rais wa Msumbiji, na ndege, na hapa nchini watu walilia kama wamefiwa ndugu. Ukizaliwa Machi 1986, Oktoba una miezi saba. Miezi saba ndiyo umri wenyewe wa kutambaa na kumwaga uji. Cheti kiko sawa, mama yuko sawa, aliyekosewa ni marehemu.

#9 Tairi Jipya
Aisee. Uzi ufungwe.

#10 Mzee wa Koroboi
Usifungwe. Kasinde hesabu yako tamu, lakini angalia saa. Ndege ya Machel ilianguka Jumapili usiku, tarehe 19, Mbuzini huko Afrika Kusini, akitoka mkutanoni Mbala, Zambia, hapo jirani na Sumbawanga. Habari zilitufikia Jumatatu. Sokoine tulitangaziwa siku ile ile. Muulize mama alisikia saa ngapi.

#11 MwanaBani
Nimempigia tena. Anasema kuku walikuwa wameshaingia bandani na koroboi imewashwa, ndiyo maana sikuliona bakuli. Baba alikuwa na redio ya National yenye mkanda wa ngozi, ameitundika kwenye msumari.

#12 Kasinde
Habari ya Machel ilirudiwa hadi watu wakaichoka. Angeweza kuisikia Jumatatu jioni. Koroboi inawashwa kila siku.

#13 mtu wa Kitui
Jirani zenu wa Kenya tunafuatilia. Swali kwa mama: mtoto alikuwa anakula nini? Kwetu Ukambani njaa ya 1984 ina jina lake, nikw'a ngwete, yaani nakufa huku nimeshika. Pesa mkononi unayo, chakula cha kununua hakuna. Serikali ikaleta mahindi ya njano. Kina nyanya hawawezi kukwambia mwaka, lakini watakwambia mtoto gani alilelewa na unga wa njano. Dada yangu hadi leo ugali wa njano hautazami.

#14 Mzee wa Koroboi
Sisi tuliuita yanga. Tuliula katikati ya miaka ya sabini, tukaula tena mwanzoni mwa themanini. Na si unga peke yake. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari kwa kibali. 1983 ndiyo msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa vitenge mtoni usiku wasikutwe navyo.

#15 MwanaBani
Uji ule ule niliomwaga anauita "uji wa yanga". Alilitaja jina hilo mwenyewe kabla sijamuuliza.

#16 Tairi Jipya
1983 moja, 1986 sifuri.

#17 Mkongo wa Ohio
Jambo ndugu zangu. Mimi nilizaliwaka Uvira, nikakulia kambini Nyarugusu, Kigoma. Leo niko Marekani. Nyumbani kwangu tuko watu saba na wote tumezaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Karani wa kambi alikuwa anauliza mwaka, ukitaja mwaka bila siku anaandika 01/01. Mama yangu alikuwa anaelezea vizuri: huyu wakati wa mihogo, huyu kabla ya vita. Karani alisema hakuna nafasi ya mihogo kwenye karatasi.

Sasa kila mwaka mpya wazungu kazini wananiletea keki. Nimekula keki miaka kumi na moja kwa siku ambayo si yangu. Tamu lakini.

#18 Sindano Taratibu
"Hakuna nafasi ya mihogo kwenye karatasi." Hii naiandika ukutani kliniki.

#19 Binti wa Makunduchi
Kwetu Unguja jina ndilo kalenda. Babangu anaitwa Shaabani, na ukimuuliza kazaliwa lini hujibu "wiki ya Mapinduzi". Nikapiga hesabu: 12 Januari 1964 ilikuwa mwezi wa Shaabani unamalizikia, siku chache tu kabla ya kufunga. Jina na tukio vyasema kitu kimoja, cheti chahitajiwa cha nini? Sasa wewe jina lako ni la nini?

#20 MwanaBani
Dada Binti, jina nililopewa ni la babu mzaa baba. Halina mvua, njaa, wala mwezi. Shida yake nyingine mtaiona huko mbele, bado naifuatilia.

#21 Kigoda
Anatuachia njia panda kama tamthilia huyu.

#22 Simba Mkongwe
Mwezi wa Kiislamu nao una hila zake. Mwaka wake unapungua siku kumi na moja hivi kwa ule wa kawaida. Mimi Ramadhani, niliyezaliwa Ramadhani, nikisherehekea kwa mwezi mwandamo natangulia umri wangu. Kila miaka thelathini na tatu hivi nakuwa nimejizidishia mwaka mmoja. Mke wangu anasema ndiyo maana nina mvi.

#23 Binti wa Makunduchi
Mvi hizo si za mwezi mwandamo, msingizie jengine.

#24 Darasa la Saba B
Nyie mna tatizo la mwaka tu. Mimi hata jina si langu. Nilimaliza la saba sikuchaguliwa, mzee akanihamishia shule ya wilaya jirani nirudie. Kurudia hairuhusiwi, kwa hiyo nikaingizwa kwa jina la mtoto aliyeacha shule akaenda kuchunga. Nikafaulu kwa jina lake. Kidato cha nne jina lake, chuo jina lake, ndoa jina lake. Watoto wangu wanatumia ukoo ambao hatuna undugu nao. Mwenye jina yupo hai. Nikienda likizo nampelekea sukari, na yeye huniita "wajina" huku anacheka vibaya.

#25 Tairi Jipya
Wewe fungua uzi wako kabisa.

#26 Mwalimu wa Zamu
Turudi kwa mwenye uzi. Ulianza darasa la kwanza lini, na walikupima vipi?

#27 MwanaBani
1993. Na hapa pananichanganya zaidi. 1992 nilipelekwa nikarudishwa. Mwalimu alisema pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Haukufika. Nililia njia nzima. 1993 ukafika.

#28 Mwalimu wa Zamu
Basi wewe ni wa 1986. Nimefundisha la kwanza miaka ishirini na mbili. Mtoto wa miaka mitano na miezi kumi mkono haufiki, wa karibu miaka saba unafika. Ndivyo hasa ulivyofanya. Ungekuwa wa 1983, Januari 1992 ungekuwa unaelekea miaka tisa. Wa miaka tisa anashika sikio na kulikuna.

#29 Kasinde
Asante mwalimu. Machel mbele.

#30 Mzee wa Koroboi
Mwalimu nakuheshimu, lakini tuseme ukweli wa enzi zile. Darasa likijaa, mkono haufiki. Baba hajalipa mchango wa madawati, mkono haufiki. Nimeona mtoto anashika sikio vizuri kabisa mwalimu mkuu anamwambia "inamisha kichwa vizuri" mpaka likaponyoka. Na mtoto aliyelelewa na yanga na surua mikono ya kurefuka aitoe wapi?

#31 Mwalimu wa Zamu
Yalikuwepo hayo. Sitasema mimi niliyafanya au sikuyafanya.

#32 Tairi Jipya
Amekiri huyo.

#33 Sindano Taratibu
1993 darasa la kwanza, maana yake 1999 la saba. Una picha ya darasa la saba? Wa miaka kumi na tatu na wa kumi na sita hawafichani.

#34 MwanaBani
Ipo kwa dada Kahama, kanitumia. Siiweki hapa, ina wenzangu. Ila nimesimama mstari wa nyuma, wa tatu kwa urefu. Na kuna kitu juu ya mdomo ambacho dada anasema ni kivuli cha mti.

#35 Simba Mkongwe
Kivuli cha mti kina jina lake, kinaitwa sharubu.

#36 mtu wa Kitui
Sasa mbili kwa mbili. Ndugu, wewe mwenyewe unakumbuka nini cha kwanza kabisa maishani? Kile chako, si cha kusimuliwa.

#37 MwanaBani
Hili nimelifikiria sana. Nakumbuka mtu mrefu mwenye mfuko wa begani anaandika namba kwa chaki kwenye mlango wetu, na mimi nataka ile chaki. Nilipewa kipande, nikakila. Ladha yake naijua hadi leo. Nimekuwa nikiamini yule alikuwa karani wa sensa ya 1988.

#38 Mwalimu wa Zamu
Kama ni sensa, ilikuwa Agosti 1988. Wa Machi 1986 ana miaka miwili na miezi mitano. Wanaochunguza mambo haya wanasema watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza ni ya miaka mitatu, mitatu na nusu. Chini ya hapo mara nyingi ni giza. Lakini wa 1983 angekuwa na miaka mitano, na wa mitano anakumbuka chaki vizuri sana. Inaniuma kusema hivi baada ya habari ya sikio.

#39 Mzee wa Koroboi
Hahaha. Karibu upande huu mwalimu.

#40 Kasinde
Si kila chaki ni sensa jamani! Wapiga dawa ya mbu waliandika milango. Watu wa kodi ya maendeleo waliandika milango, na kodi ile ilikuwepo mpaka ilipofutwa 2003. Mzee wangu kila akiona mtu na chaki alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Huyo mrefu wa begi anaweza kuwa wa mwaka wowote.

#41 MwanaBani
Baba hakukimbia. Nakumbuka alikuwa amekaa.

#42 Kasinde
Basi alikuwa ameshalipa.

#43 Kigoda
Nauliza kwa nia njema tu: una hakika hiyo chaki uliila wewe? Mimi miaka yote nilikuwa nakumbuka nimeng'atwa na mbwa wa jirani. Namkumbuka rangi, namkumbuka mnyororo. Nikaja kuambiwa aliyeng'atwa ni kaka yangu, kovu analo yeye. Nimejikagua mwili mzima sina hata mchubuko.

#44 Mwalimu wa Zamu
Jean Piaget, mtaalamu wa akili za watoto ambaye chuo cha ualimu tulimkariri mpaka tukamchukia, yalimkuta hayo hayo. Alikuwa anakumbuka waziwazi akiwa mdogo kwenye kigari, mtu anataka kumwiba barabarani Paris, yaya wake anapambana mpaka anakwaruzwa usoni. Alipofika kama miaka kumi na tano, yule yaya akaandika barua kuungama kwamba alitunga yote, akarudisha na saa aliyozawadiwa kwa ushujaa. Piaget aliendelea kuiona picha ile ile. Alisimuliwa, akajichorea.

Na 1995 Marekani, Elizabeth Loftus na mwenzake waliwapa watu 24 hadithi za utotoni mwao, tatu za kweli na moja ya uongo, kwamba uliwahi kupotea dukani. Kama robo yao wakakubali ile ya uongo, wengine wakaongezea na mambo ambayo hawakuambiwa.

#45 MwanaBani
Hii imenikalisha chini. Kwa sababu sasa hata uji naanza kuuona. Naliona bakuli, la bati, la bluu lililobanduka rangi. Mama hajataja bakuli ni la aina gani.

#46 Binti wa Makunduchi
Haya, ushajichorea tayari.

#47 Tairi Jipya
Mimi nasema angalieni nguo. Mtoto wa 1986 ana nguo, ruksa ya Mwinyi imeingia, mitumba imeingia. Mtoto wa 1983 anafungwa kanga iliyochanika.

#48 Mzee wa Koroboi
Sahihisho. Mwinyi aliapishwa Novemba 1985, lakini bidhaa zilianza kurudi kabla yake. Bajeti ya 1984 ndiyo iliyoruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete mali bila kuulizwa amezipata wapi. Mwinyi alikuta mlango umeshafunguliwa, yeye akaupanua. Lakini hoja ya nguo naikubali.

#49 MwanaBani
Nilibebwa na kanga, na shuka la baba la jeshi. Alipigana Kagera.

#50 Simba Mkongwe
Shuka la jeshi lingefika hata 2000 likiwa zima. Halina ushahidi.

#51 MwanaBani
Wakuu, samahani kwa kimya cha siku nne. Nilisema jina lina shida yake, nayo ni hii.

Mdogo wangu alikwenda parokiani. Katekista alimfungulia kitabu cha ubatizo. Jina langu lipo. Jina la baba, jina la mama, vyote sawa. Amebatizwa 24 Desemba 1983. Kwenye kuzaliwa wameandika mwezi na mwaka tu, Machi 1983, siku hakuna. Msimamizi ni yule yule mzee ninayemjua kuwa baba yangu wa ubatizo, aliyenipa mbuzi nilipomaliza la saba.

Nikasema imekwisha, ni 1983, mama ameshinda. Nikampigia dada wa Kahama kumpa habari. Dada akanyamaza. Nikadhani mtandao. Halafu akasema: "Una hakika huyo ni wewe?"

Dada ni wa 1978. Anakumbuka kulikuwa na mtoto nyumbani, surua ikaingia kijijini, wakaambiwa yeye na wenzake waende kwa bibi. Waliporudi hakuna mtoto, na hakuna aliyesema kitu. Baadaye nikaja mimi. Anadhani nilipewa jina lile lile kwa sababu babu alikuwa anataka jina lake liendelee.

#52 Kigoda
Dah.

#53 Sindano Taratibu
Pole sana mkuu. Surua ya miaka ile tuliokuja baadaye tunaisoma vitabuni tu, hatujui ilivyokuwa inafagia nyumba.

#54 Mzee wa Koroboi
Pole mwanangu. Basi yawezekana mama hasemi uongo wala hachanganyi misiba. Aliyemwaga uji siku ya Sokoine ni mwanawe. Jina lile. Usiku, msimu wa bani. Ila si huyu anayempigia simu.

#55 mtu wa Kitui
Na msimamizi mmoja? Angeweza kuwasimamia wote wawili. Kwetu pia jina la babu halizikwi na mtoto, litampata anayefuata.

#56 Kasinde
Mimi sitaki kuonekana nashangilia, lakini hapo Machi mbili zinaelezeka. Mjomba alichukua mwezi wa mwenzako au mwezi wako mwenyewe, mwaka akaweka wako. Kuna kitabu cha 1986?

#57 MwanaBani
Kitabu cha 1985 hadi 1987 kimeliwa na mchwa. Katekista alimwonyesha mdogo wangu jalada, ndani kama sega la nyuki.

#58 Tairi Jipya
Mchwa nao wanajua kitabu cha kula.

#59 Darasa la Saba B
Mkuu, kwa hiyo na wewe una jina la mtu. Karibu chamani. Tofauti ni kwamba wangu nampelekea sukari.

#60 Mwalimu wa Zamu
Naomba niwe mkorofi kidogo. Dada alikuwa na miaka mitano, sita. Tumetoka kusema hapa watu wanajichorea. Mtoto aliyekufa angeweza kuwa wa shangazi, wa jirani, au mtoto wa kike. Dada ana hakika alikuwa wa kiume?

#61 MwanaBani
Nilimuuliza hivyo hivyo. Kwanza akasema ndiyo. Jana usiku akanitumia ujumbe: "Nikifikiria sana namwona na kigauni." Mdogo wangu anasema enzi hizo watoto wote walivaa vigauni.

#62 Sindano Taratibu
Ni kweli, hata baba yangu ana picha na kigauni. Mama mwenyewe anasemaje?

#63 MwanaBani
Sikutaka simu, nilikwenda. Basi mpaka Tabora mjini, kisha pikipiki. Nilikaa siku mbili bila kuuliza. Siku ya tatu tunachambua maharage nikasema mama, nilikuwa na kaka? Akasema una kaka wawili, unawajua. Nikasema kabla yangu. Akaendelea kuchambua. Akasema: "Punje zenye matundu weka huku." Basi. Sikuuliza tena.

#64 Binti wa Makunduchi
Usimuulize tena, mwanangu. Muulize kitovu kilizikwa wapi. Hilo mama yeyote ajibu.

#65 MwanaBani
Dada Binti, nimerudi mjini leo. Nilimuuliza asubuhi ya kuondoka. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya choo, akanionyesha mwembe. Nikauliza huu hapa? Akasema hapa. Mita kama kumi kuna mwingine, unene karibu sawa na huo. Nikauliza na ule? Akasema "na ule". Nikauliza sasa wangu upi? Akasema wewe si unakula ya yote?

Akanijazia ndoo mbili.

#66 Mzee wa Koroboi
Huyo mama.

#67 Kigoda
Pima unene wa shina kwa kamba basi. Miaka mitatu inaonekana.

#68 Simba Mkongwe
Haionekani. Ulio karibu na choo unanenepa kuliko mwenzake hata ukipandwa baadaye. Nina miembe nyumbani.

#69 Kasinde
Kwa hiyo kazini umejaza nini?

#70 MwanaBani
14 Machi 1986. Mwisho wa kurudisha fomu ilikuwa Ijumaa.

#71 Mkongo wa Ohio
Ndugu yangu, ukikosa ya kwako njoo nikugawie tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, keki ipo ya kutosha.

#72 Tairi Jipya
Hayo maembe ni dodo au boribo?

#73 MwanaBani
Wa karibu dodo. Ule mwingine ni ya kienyeji, madogo, nyuzi nyingi, lakini sukari yake ni hatari.

#74 mtu wa Kitui
Ya nyuzi ndiyo maembe. Dodo ni ya kuuzia watalii.

#75 Simba Mkongwe
Hapo umenikosea. Fungua uzi tukutane.